Doa Lisilotoka kwa Sabuni

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba msaada na nakuomba pia usinicheke, maana najua ukurasa wako umezoea waume waliohama na wake waliochoka, na mimi ninachokuletea ni nyoka, tena nyoka mgonjwa, na kama hutanijibu nitaelewa, ila nitakuwa sina tena pa kushika.

Mimi ni dobi. Nina miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo nimeimaliza nikiwa nimesimama mbele ya meza ya pasi, na mtaani kwetu ukiuliza nani anaweza kutoa wino kwenye shati jeupe utaonyeshwa mlango wangu, na hili silisemi kwa kujisifu bali kwa sababu ndilo lililoniponza.

Nina binti mmoja tu, nimemlea peke yangu tangu mama yake afariki yeye akiwa darasa la tatu, na kwa jinsi alivyokuwa akinipangia maisha tangu hapo namwita Bosi mpaka leo, ingawa sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, anaandika mabango ya maduka, ukipita unaona saluni na bucha na duka la dawa, yote ni mkono wake. Mwaka jana akaja nyumbani na sanduku la kioo, ndani yake chatu mdogo, wale wapole wanaofugwa ndani, unene wa kifundo cha mkono wangu na urefu wa mkanda wa suruali ya mtu mnene, ndiyo maana akamwita Mkanda. Mimi nikasema huyo akiingia mimi natoka. Yeye akaingia naye, mimi sikutoka, lakini kuanzia siku hiyo tukaishi kama wapangaji wawili, tunaulizana chumvi iko wapi na nani kafunga geti, basi, miezi mitano.

Halafu akateleza kwenye ngazi akiandika bango la duka la vitambaa, akavunjika paja na nyonga, na walipomtoa kwenye chumba cha upasuaji mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda nimeshika viatu vyake kwa sababu sikujua nishike nini, akafungua macho akaniangalia akasema, "Baba, Mkanda hana maji." Mshauri, miezi mitano mtoto hajaniita baba kwa mdomo wake. Nikamwambia lala mwanangu, nitamtunza kama nilivyokutunza wewe. Hicho ndicho kiapo changu na ndicho ninachokivunja sasa.

Aliniandikisha maelekezo kwenye kipande cha boksi: joto, maji ya kunywa, panya mmoja kila wiki mbili. Panya wako kwenye friji wamegandishwa, wamefungwa kwenye mfuko ulioandikwa kwa rangi nyekundu na kwa mwandiko wake mzuri wa mabango, SI NYAMA YAKO BABA. Akaniambia pia kwamba nyoka akikaribia kujivua gamba macho yake huwa kama yamemwagiwa maziwa, nisiogope. Nikafuata kila kitu. Kwa kuwa mchana nyumbani hakuna mtu na alisema joto, nikamhamishia dukani kwangu, chumba cha nyuma, kule ninakoanika nguo siku za mvua, maana hakuna sehemu yenye joto kama ile, mvuke wa pasi unakaa humo tangu asubuhi hadi jioni. Nikamtandikia taulo, nami nabadilisha taulo kila siku, moja kwa moja kutoka kwenye kamba.

Wiki ya kwanza nilikuwa namhamisha kwa koleo la nguo, nageuza uso. Wiki ya tatu nikawa namshika kwa mkono. Sasa ukiniuliza ni lini nilianza kumsimulia habari za wateja nikipiga pasi siwezi kukumbuka, najua tu kwamba anasikiliza vizuri kuliko fundi viatu jirani yangu, na hanikatishi.

Siku moja nikaona tumbo lake limekuwa jekundu jekundu. Nikasema anataka kujivua, nikaangalia macho, macho maangavu kama kawaida. Siku chache baadaye ule wekundu ukawa kahawia, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza, na hapo ndipo akili yangu ya kidobi ikanidanganya, maana lile taulo la wiki hiyo lilikuwa jekundu, nikasema limechuja rangi. Kwangu mimi kitu kikiwa na alama ni doa, na doa hutolewa. Nikachukua beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya watoto, mswaki laini, nikamsugua tumbo taratibu, nikamrudisha kwenye taulo lingine bichi. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Siku tisa, mshauri. Doa likawa linaongezeka, nami naongeza kusugua.

Sasa ana malengelenge, kama yale yanayotokea mkononi pasi ikikugusa. Mawili yamepasuka, magamba ya hapo yameinuka pembeni na ukibonyeza ni laini, na kuna harufu ambayo naijua, ni ya nguo iliyosahauliwa mbichi kwenye ndoo. Panya wawili wamekataliwa. Na kuna jambo sijamwambia mtu, ila wewe nakuambia kwa sababu hunioni: asubuhi ya mwisho nilitia kwenye beseni matone matatu ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Alijikunja, halafu akapanda mkono wangu akaingiza kichwa ndani ya mkono wa shati langu, akatulia humo. Hakuniuma. Angeniuma ningejisikia nafuu.

Kila jioni naenda wodini. Mguu wa Bosi umening'inizwa kwa kamba na vyuma, wiki ya saba sasa amelala chali. Swali lake la kwanza ni Mkanda, nami namwonyesha picha za zamani kwenye simu, nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nasema mzima, amekula, anakusalimu. Tunazungumza sasa kuliko wakati wowote maishani mwetu, tunacheka, mpaka nesi aje na sinia lake, hapo yeye hunituma, "Baba, kaninunulie maji." Siku nane sasa, kila nesi akija, maji. Nikirudi nesi ameshaondoka, Bosi ana jasho usoni lakini anatabasamu, anasema anaendelea vizuri. Chini ya kitanda chake kuna chupa nane ambazo hazijafunguliwa, nikamtania kwamba anafungua duka, akacheka mpaka akashika ubavu.

Baada ya wiki tatu ataruhusiwa kurudi nyumbani. Fundi viatu ameniambia nimwachie nyoka porini niseme katoroka, au ninunue mwingine, maana chatu wote wanafanana. Mimi sitaki mwingine. Nataka kujua huyu anakufa au hafi, na kama ni mimi ninayemuua, na je, nimwambie mwanangu sasa akiwa kwenye kamba zile, au ninyamaze asije akarudi nyuma kwa huzuni? Nimemkosa miezi mitano, nikimwambia nitamkosa tena. Nimeambatanisha picha ya tumbo na namba ya simu ya dukani.

Ni mimi,
Dobi aliyejiharibia.

*

Ndugu yangu Dobi,

Barua yako ilifika Jumanne na sikuthubutu kuisubirisha hadi Jumamosi, siku ya ukurasa huu. Kwa kawaida mtu aliyeachwa na mume anaweza kungoja siku nne, mume harudi haraka hivyo. Lile tumbo la kwenye picha lisingengoja. Nilimtafuta daktari wa mifugo anayetibu nyoka na kobe, nikakupigia simu, ukaahidi kumpeleka siku ileile. Haya ya ugonjwa nayarudia hapa kwa ajili ya wasomaji wengine, na kwa ajili yako pia, kwa sababu kwenye simu ulikuwa unalia na sina hakika ulisikia nini.

Lile si doa. Ni ngozi inayooza. Nyoka akilala kwenye unyevu siku baada ya siku, magamba ya tumboni hulainika, na vijidudu hupata mlango. Huanza na wekundu, kisha kahawia, kisha malengelenge yenye maji, kisha vidonda na ile harufu uliyoijua. Ukiona wekundu, tazama macho kama binti yako alivyokufundisha. Yakiwa na ukungu, huenda anajivua gamba tu na wekundu utaondoka. Macho yakiwa maangavu na wekundu unabaki, huyo ni mgonjwa, na siku hiyo ndiyo ya kwenda kwa daktari, si siku tisa baadaye. Uliona dalili kamili, ukaisoma vizuri, halafu ukaenda kuchukua beseni.

Binti yako alikuandikisha joto. Hakukuandikisha kavu, kwa sababu chumbani kwake palikuwa pakavu na hakuwaza kwamba baba yake angemhamishia nyoka kwenye mvuke. Kwa hiyo ndiyo, ni wewe uliyemfanya augue, umeniuliza na sitakupaka mafuta mimi. Ulimpa taulo bichi akalalia, ukamsugua ngozi iliyokwishalainika, na yale matone matatu usiyarudie hata kwa nzi. Lakini sikiliza na hili: mtu asiyejali hasugui tumbo la nyoka kwa mswaki laini siku tisa. Ulikosea kwa kutunza, na anayekosea kwa kutunza anafundishika.

Jana ulinitumia ujumbe kwamba daktari amechukua sampuli ya kidonda ili ajue ni bakteria au kuvu, maana dawa zake ni tofauti na kwa macho huwezi kujua, wala mimi, wala fundi viatu. Vizuri. Amempiga sindano na atampiga nyingine. Hakukuahidi kwamba atapona, nami siahidi. Alichosema ni kwamba vijidudu havijaingia kwenye damu, na kwamba jambo moja tu litaamua: je, wewe utakuwa mvumilivu?

Basi mrudishe nyumbani leo. Chumba kile cha nyuma kiachie mashati ya wateja. Taulo marufuku. Mtandikie gazeti kavu, hili hili, ukimaliza kulisoma lilaze chini yake, kwa miaka kumi na minne wasomaji wamekuwa wakiniambia ukurasa wangu unafaa kwa kazi hiyo. Karatasi ina faida nyingine: kidonda kikitoa maji utaliona doa, na safari hii doa ni la kusoma, siyo la kutoa. Badilisha kila likilowa au kuchafuka. Bakuli la maji liwe dogo na zito, anywe bila kuoga wala kulipindua. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto, mwingine uwe na ubaridi kidogo, achague mwenyewe, na taa ya kumpa joto iwe mahali ambapo hawezi kuigusa, maana nyoka huungua na hasogei.

Dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda uliyopewa, izimue kwa kipimo cha daktari na si kwa kipimo cha mkono wako uliozoea ndoo. Mlaze humo kwa muda aliokuambia, ukiisha mtoe, mkaushe kwa kugusa gusa, usifute. Usimpake mafuta ya kujipaka wala krimu ya dukani. Usimlazimishe kula, na usimshike kwa ajili ya maongezi. Msimulie habari za wateja ukiwa mbali, atasikia. Na ukishamhudumia nawa mikono kwa sabuni, hapo ndipo utaalamu wako unapohitajika, kwa kuwa nyoka hata mzima hubeba vijidudu vinavyoweza kumuumiza binadamu. Kabla ya kwenda wodini badilisha shati pia. Nitakuambia sababu.

Kupona kwake hutakuona kesho. Nyoka hupona kwa kujivua, gamba moja likitoka linaondoka na sehemu ya ugonjwa, linalofuata linaondoka na nyingine. Inaweza kuchukua miezi, na alama zinaweza kubaki. Mtu aliyezoea kurudisha shati jeupe kesho saa nne itamwuma hii, lakini utajikaza kisabuni.

Kuhusu fundi viatu: mwambie nimemsalimu na aendelee na soli. Nyoka mgonjwa aliyefugwa ukimwachia porini unamtupa akafe peke yake, na wa kununua Bosi atamjua kabla hujafunga mlango. Wewe unaweza kutambua shati la kila mteja wako kwa kola. Unadhani yeye hamjui wake?

Sasa tuje kwenye kile ulichoniuliza kweli, na kile ambacho hukuniuliza.

Dobi, chupa nane. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama hapo kwenye chupa. Mtu hana kiu, lakini kila nesi akitokea na sinia anamtuma baba yake maji, baba akirudi anakuta jasho usoni na tabasamu. Sijamwona binti yako na sijui kilicho chini ya shuka lake. Ila nimemuuguza mama yangu kitandani miaka miwili, najua sinia lile hubeba nini. Mtu aliyelala chali wiki saba bila kugeuka, ngozi yake nayo huloa, hulainika, hufunguka. Nina wasiwasi kwamba binti yako ana kidonda mgongoni, kwamba kila jioni kinasafishwa, kwamba kinauma, na kwamba anakuondoa usikione kwa sababu anaogopa utaumia. Naweza kuwa nimekosea. Muulize nesi kama nimekosea, na shati ulibadilishe kwa vyovyote, maana kidonda kilicho wazi hakitaki vijidudu vya nyoka.

Kama sijakosea, basi tazama mlivyo. Wewe unamwambia nyoka mzima. Yeye anakuambia naendelea vizuri. Miezi mitano mlinyamaziana kwa hasira, sasa mnanyamaziana kwa mapenzi, na nyumba ni ileile. Unasema umempata mwanao baada ya kumkosa. Umempata nusu, na yeye kapata nusu yako, ile isiyo na kidonda.

Unaogopa ukimwambia atarudi nyuma. Mimi naogopa akifika nyumbani kwa magongo, afungue sanduku mwenyewe, alione lile tumbo, kisha akumbuke picha zote ulizomwonyesha akiwa hawezi kusimama aende kuangalia. Hilo ndilo atakalokataa kukusamehe, na atakuwa na haki. Lile la mswaki atalisamehe, labda hata atalicheka baadaye, akishapata nguvu za kucheka bila kushika ubavu.

Kwa hiyo leo jioni, nawa, vaa shati safi, nenda wodini na picha ya leo. Mwambie kwa mpangilio, kama ulivyoniandikia mimi: chumba cha nyuma, taulo jekundu, beseni, siku tisa, matone matatu, kichwa kwenye mkono wa shati. Usiruke la matone. Usijitetee kwa neno hata moja. Mpe na ile karatasi ya daktari asome mwenyewe. Anaweza kukugeuzia uso ukutani, na hicho ndicho kiungo pekee anachoweza kugeuza, mwache akigeuze. Wewe ngoja. Namjua kwa barua moja tu, lakini aliyeandika SI NYAMA YAKO BABA hawezi kukaa kimya muda mrefu, ataanza kutoa amri: taa umeweka wapi, bakuli lina ukubwa gani, dawa saa ngapi. Akianza amri ujue Bosi amerudi kazini. Jibu kila moja, andika kwenye boksi, na safari hii hakikisha amekuandikisha na neno kavu.

Halafu nesi atakuja na sinia, na binti yako, kwa mazoea, atasema, "Baba, kaninunulie maji."

Usiende. Inama, toa chupa moja chini ya kitanda, ifungue, mpe anywe. Kisha vuta kiti, umshike mkono, ukae.